Simwoni, Je ne le vois pas: Hotuba kuhusu Kukanusha kwa Kifaransa

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wanafunzi na walimu wa Kifaransa. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Walimu wangu, wanafunzi, na ninyi nyote mliotenga muda wenu kuja: hamjambo?

Mmesikia mlichonijibu? Nimewauliza kwa ukanushi, nanyi mkanijibu kwa ukanushi. Hamjambo, yaani hamna jambo. Hatujambo, yaani hatuna jambo. Mzungumzaji wa Kiswahili huifungua siku yake kwa kukanusha, tena bila kufikiri. Basi kwa nini mtu huyohuyo, akikutana na sentensi ya Kifaransa yenye maneno saba, anakwama na kuuliza: hii pas ya kukanusha niiweke wapi?

Leo nataka kuwaonyesha kwamba sehemu kubwa ya ukanushi wa Kifaransa mnaijua tayari, kwa sababu imo ndani ya Kiswahili chenu. Ziko sehemu chache ambapo Kiswahili kinawapotosha, na makosa mengi yanayorudi kila mwaka kwenye madaftari yanatoka huko. Nitawaonyesha pa kuegemea, na nitawaonyesha pa kujihadhari.

Tuanze na neno moja tu. Simwoni. Lifungueni kama mnavyofungua saa. Mna si, mna mw, mna on, mna i. Si inasema mtendaji ni mimi na kwamba nakana. Mw ni yule ninayemtazama. On ndiyo kuona kwenyewe. Na ile i ya mwisho inafanya nini? Naona inaisha kwa a, sioni inaisha kwa i. Ile i ni ukanushi wa pili, umekaa nyuma. Kwa hiyo kitenzi chenu kimekanushwa mbele na nyuma.

Sasa wekeni Kifaransa kando yake: Je ne le vois pas. Je ne, hiyo ndiyo si. Le, hiyo ndiyo mw. Vois, hiyo ndiyo on. Pas, hiyo ndiyo i. Mpangilio ni uleule, hatua kwa hatua. Tofauti ni kwamba Kiswahili kinafanya kazi hiyo ndani ya neno moja na kukibadilisha kitenzi, wakati Kifaransa hakikigusi kitenzi kabisa. Il lit, anasoma. Il ne lit pas, hasomi. Lit imebaki lit, haikupungua wala kuongezeka herufi. Kifaransa kinajenga uzio tu: ne ni nguzo ya mbele, pas ni nguzo ya nyuma.

Kwa hiyo swali la mwanafunzi wa Kifaransa siku zote ni moja: uzio unazunguka nini? Unazunguka kitenzi kinachobadilika kufuata mtendaji na wakati. Kitafuteni hicho kwanza. Kisha tazameni kama kuna viwakilishi vidogo vimebanana mbele yake: me, te, se, le, la, les, lui, leur, y, en. Vikiwapo, vinaingia ndani ya uzio pamoja nacho, na ne inakaa mbele ya vyote. Halafu pas inakuja mara tu baada ya kitenzi hicho. Il me parle, Il ne me parle pas. Il y a, Il n'y a pas. Kitenzi kikianza kwa irabu au kwa h isiyohesabiwa, ne inakuwa n'. J'habite ici, Je n'habite pas ici. Angalieni na ile j': ikishapata n' mbele yake inarudi kuwa je kamili. Wengi huandika « j'ne habite pas », wakakata pasipotakiwa na kuacha kukata panapotakiwa.

Hayo ni mepesi. Ugumu unaanza vitenzi vinapokuwa viwili, na hapa ndipo pa kujihadhari pa kwanza. Tafsirini hii: alikuwa amekula. Il avait mangé. Sasa kanusheni kwa Kiswahili. Mnasema: alikuwa hajala. Ukanushi umeangukia wapi? Kwenye kitenzi cha pili, kile chenye maana. Alikuwa hamkukigusa. Basi mwanafunzi akiwa na mazoea hayo anaandika « il avait ne mangé pas », au akijitahidi kidogo, « il n'avait mangé pas ». Makosa yote mawili yana mzazi mmoja: akili inadhani kitenzi ni mangé kwa kuwa mangé ndiyo yenye chakula. Kwa Kifaransa, kinachobeba nafsi na wakati ni avait. Uzio unazunguka avait, na mangé inabaki nje: Il n'avait pas mangé. Kitenzi kisaidizi ndicho kinachozungushiwa uzio. Kisaidizi, jamani. Nikiweza kuwaachia neno moja kuhusu nyakati zilizounganishwa, ni hilo.

Chukueni sentensi ndefu mwone inavyojengwa. Nilimwambia habari hiyo: Je lui en ai parlé. Kitenzi kinachobadilika ni ai. Mbele yake kuna lui na en. Ne inakwenda mbele ya lui, pas inakwenda nyuma ya ai: Je ne lui en ai pas parlé. Maneno saba. Kiswahili kinasema sikumwambia na kunyamaza, lakini hata humo, si imetangulia mw. Msiogope urefu wake.

Ikiwa kitenzi cha pili hakibadiliki, mfano baada ya pouvoir (kuweza), vouloir (kutaka) au aller (kwenda), mnaweza kukanusha cha kwanza au cha pili, na maana haziwi sawa. Fikirini mtu aliyealikwa kwenye kikao. Anataka kujibu kwamba hawezi kuja. Anaandika: Je peux ne pas venir. Anayepokea anasoma: naweza nisije, yaani kama mnataka nisije, mimi sina neno. Anamjibu kwa upole kwamba hapana, njoo tu, nafasi yako ipo. Siku ya kikao kiti kinabaki kitupu. Alichotakiwa kuandika ni Je ne peux pas venir. Kwa Kiswahili tunatenganisha siwezi kuja na naweza nisije bila taabu. Kwa Kifaransa tofauti hiyo yote imebebwa na mahali pa uzio.

Na mmeona kwamba katika ne pas venir nguzo mbili zimesimama pamoja, mbele. Kitenzi kisichobeba nafsi hakizungukwi. Ne pas ouvrir, usifungue, kwenye mlango. Ne pas avaler, usimeze, kwenye kasha la dawa. Pour ne pas le déranger, ili kutomsumbua. Linganisheni na kutomsumbua yenu: to imekaa mbele, na nyuma hakuna kilichobadilika. Kiswahili kinawaunga mkono tena.

Amri nayo ina jambo lake. Regarde-moi, nitazame: kiwakilishi kiko nyuma na kina kistari. Mkikanusha, kiwakilishi kinarudi mbele na moi inakuwa me: Ne me regarde pas. Touche-le, Ne le touche pas. Kosa la kawaida ni « ne regarde-moi pas », kujenga uzio bila kupanga upya kilichomo ndani.

Sasa nataka kuwapeleka mbali kidogo, kwa sababu kuna swali ambalo kila mwanafunzi hujiuliza: kwa nini nguzo mbili? Kwani moja haikutosha?

Ilitosha. Tarehe 14 Februari 842, mjini Strasbourg, wafalme wawili ndugu, Charles na Louis, waliapa kushirikiana dhidi ya kaka yao Lothaire. Viapo vile viliandikwa kwa lugha mbili, na moja ya lugha hizo ndiyo inayohesabiwa kuwa Kifaransa cha kale zaidi kilichobaki katika maandishi. Askari wa Charles waliapa kwamba bwana wao akivunja ahadi, na wao wasipoweza kumzuia, hawatamsaidia. Kwenye lile la kutoweza kumzuia kuna maneno haya: non l'int pois. Non ni kikanushi, l' ni yeye, int ni kutokana na jambo hilo, pois ni naweza. Kikanushi mbele, viwakilishi, kitenzi. Nyuma ya kitenzi, je, kuna pas? Hakuna. Kikanushi kimoja, kazi imekwisha.

Karne zilizofuata, kikanushi cha mbele kikawa ne tu, sauti nyepesi isiyokazwa, rahisi kupotea masikioni. Watu wafanyeje? Wakafanya kile ambacho ninyi mnakifanya kila siku. Ninyi mkitaka kukaza, mnasemaje? Sina hata senti. Sikuonja hata tone. Hakusema hata neno. Mnashika kitu kidogo kabisa na kukikana. Wafaransa wa zamani walifanya hivyohivyo. Pas ni hatua: siendi hata hatua. Point ni nukta. Mie ni chembe ya mkate: sili hata chembe. Goutte ni tone: sinywi hata tone. Kila kitenzi kilikuwa na kidogo chake. Kisha pas ikavuka mipaka, ikaacha kuwa hatua ya mtu anayetembea, ikaanza kukanusha kula, kunywa, kupenda, kila kitu. Mie ilikufa. Goutte imebaki katika n'y voir goutte, kutoona kitu gizani. Point mtaikuta katika maandishi ya zamani na ya kifasihi. Pas ndiyo iliyorithi nyumba.

Mwaka 1917 mtaalamu wa lugha wa Denmark, Otto Jespersen, alieleza mwendo huu: kikanushi kinachakaa, kinatafutiwa mkongojo, halafu mkongojo wenyewe unageuka kuwa mguu. Lugha nyingi zimepita njia hiyo. Na Krioli ya Haiti, iliyozaliwa kutokana na Kifaransa, imekwisha kufika mwisho wake: mwen pa konnen, sijui. Ne haipo tena. Pa peke yake ndiyo inayokana.

Kwa nini nimewasimulia haya? Kwa sababu yanafungua mlango wa kanuni inayowasumbua kuliko zote, ile ya de. J'ai un livre, lakini Je n'ai pas de livre. Il boit du lait, lakini Il ne boit pas de lait. J'ai des questions, lakini Je n'ai pas de questions. Un, une, des, du, de la, zote zinaporomoka na kuwa de. Msiikariri kama adhabu. Kifaransa husema beaucoup de livres, peu de lait, un kilo de sucre: neno la kipimo, kisha de. Na pas ilikuwa nini hapo mwanzo? Kipimo, kipimo kidogo kuliko vyote. Pas de lait ni kiasi cha maziwa ambacho ni sifuri.

Mkiielewa hivyo, hata zile zinazoitwa hali za pekee hazitakuwa ngeni. J'aime le café, Je n'aime pas le café. Le haibadiliki, kwa sababu hatupimi kiasi, tunazungumzia kahawa kwa jumla. C'est un problème, Ce n'est pas un problème. Baada ya être, yaani kuwa, hakuna kiasi kinachopimwa, tunakana tu kwamba kitu hiki ni kile. Je n'ai pas commandé du thé, mais du café: kinywaji kipo, nimeagiza, nakana aina yake tu, basi du inabaki. Na Il n'a pas dit un mot, hakusema hata neno moja: un hapa ni hesabu, moja kamili, haiporomoki. Jiulizeni swali moja tu: kiasi ni sifuri? Kama ndivyo, de.

Nguzo ya nyuma si lazima iwe pas. Inaweza kuwa jamais, kamwe. Inaweza kuwa plus, si tena. Rien, personne, aucun (hata mmoja), nulle part (popote), ni (wala). Moja ya hizo ikiingia, pas inatoka. Inatoka kabisa. Je ne vois pas personne ni kosa, na ni kosa ambalo Kiswahili chenyewe kingewaokoa nalo. Wanafunzi hushangaa: personne ni mtu, inawezekanaje iwe pia hakuna mtu? Na ninyi mnasemaje? Sikuona mtu. Je n'ai vu personne. Hakusema kitu. Il n'a rien dit. Mtu ni mtu tu, kitu ni kitu tu, mpaka ukanushi uliotangulia uvigeuze. Personne ni mtu hadi leo: une personne. Na rien ilitoka katika neno la Kilatini lenye maana ya kitu.

Lakini tazameni mahali zilipokaa katika mifano hiyo miwili. Je n'ai vu personne, baada ya vu. Il n'a rien dit, kabla ya dit. Hapa hakuna njia ya mkato, lazima mzoee. Pas, plus, jamais na rien zinaingia katikati, kati ya kisaidizi na kitenzi kikuu. Personne, nulle part, aucun pamoja na jina lake, na ni, zinangoja hadi kitenzi kikuu kipite. Hata kitenzi kisipobeba nafsi ni vilevile: ne rien dire, lakini ne voir personne. Na vikiwa ndivyo watendaji, vinatangulia na ne inavifuata: Personne n'est venu, Rien n'a changé. Hiyo ne huwa inasahaulika sana, kwa sababu mwandishi anahisi ameshakana alipoandika personne.

Nguzo hizi, pas ikishaondoka, zinaweza kukaa pamoja bila ugomvi. Il ne dit jamais rien à personne. Haambii mtu kitu kamwe. Maneno matatu, ukanushi mmoja. Msihesabu kama kwenye hesabu, kwamba hasi mbili zinatoa chanya.

Ne... que, yaani ila, ni ndugu wa mbali wa nguzo hizi. Je ne bois que de l'eau. Kwa Kiswahili, sinywi ila maji. Maji yananywewa, ndiyo maana de l'eau haikuporomoka.

Nije kwenye muda, maana hapa Kiswahili kina kitu ambacho walimu hawakitumii vya kutosha. Hakufika na hajafika si sawa. Il n'est pas arrivé, Il n'est pas encore arrivé. Ile ja yenu ndiyo pas encore. Hayupo tena, Il n'est plus là. Mara nyingi mnapohisi ja mdomoni, andikeni encore baada ya pas. Kila mnapohisi tena, andikeni plus mahali pa pas.

Kuna na toujours. Wafanyakazi wawili wanamzungumzia mwenzao. Mmoja anasema: Elle n'est pas toujours à son bureau. Mwingine anasema: Elle n'est toujours pas à son bureau. Maneno ni yaleyale, ila pas na toujours zimebadilishana nafasi. Wa kwanza anaeleza desturi: si kila wakati anakuwa mezani kwake. Wa pili ana kero: mpaka saa hizi hajafika. Msimamizi akisikia ya kwanza atatikisa kichwa na kuendelea na kazi. Akisikia ya pili atashika simu. Vraiment ni hivyohivyo. Je n'aime pas vraiment, sipendi sana. Je n'aime vraiment pas, sipendi hata kidogo.

Kabla sijaondoka hapa nilipo, il ne faut pas. Hii ina madhara ya kweli. Il faut signer, ni lazima kusaini. Basi mwanafunzi anafanya hesabu: il ne faut pas signer, si lazima kusaini. Anapewa fomu yenye ukurasa ulioandikwa hivyo. Anajiambia, kama si lazima, basi nikisaini nako hakuna ubaya, bora nisaini nisije nikasumbuliwa. Na ameharibu fomu. Il ne faut pas ni katazo: usisaini. Mkitaka kusema si lazima, semeni ce n'est pas nécessaire, au ce n'est pas la peine, au vous n'êtes pas obligé. Uzio umejengwa kwenye faut, lakini maana inakikamata kitendo.

Sasa mahali ambapo Kiswahili kinawapotosha kuliko pote: kujibu. Mgeni anafika nyumbani kwa watu jioni, njaa imemshika. Mwenyeji anamuuliza: Vous n'avez pas mangé ? Mgeni anafikiri kwa lugha yake: ndiyo, sijala. Anasema: Oui. Mwenyeji anabaki ameduwaa, haelewi kama mgeni amekula au hajala. Mwishowe anaona haya kuuliza mara ya pili, anaondoa sahani. Nani amekosea hapa? Hakuna aliyekosea nia. Ndiyo ya Kiswahili inaliitikia neno la muulizaji: ulivyosema ndivyo. Jibu la Kifaransa halimtazami muulizaji, linatazama jambo lenyewe. Umekula au hujala? Hujala: Non. Na kama umekula, huwezi kusema oui, maana oui haiwezi kuupindua ukanushi. Kuna neno lake: Si. Si, j'ai mangé. Shikeni hivyo. Swali lina ukanushi, oui haina kazi. Ni non kama ni kweli hakuna, na ni si kama kipo.

Na mtu akisema Je ne comprends pas, nanyi pia hamuelewi, msiseme moi aussi. Kwa Kiswahili hata mimi inatosha kwa sielewi na kwa ninaelewa. Kifaransa kimegawa: kwa kukubali, moi aussi, kwa kukana, moi non plus. Na kama mwenzako haelewi ila wewe unaelewa: Moi, si.

Mkitoka darasani na kuingia kati ya wazungumzaji, mtagundua kwamba ne haisikiki. Je sais pas, au kwa kasi zaidi chais pas. C'est pas grave. T'inquiète pas. Y a pas de problème. Ule mkongojo sasa ndio unaotembea. Ushauri wangu kwa walimu ni kwamba wanafunzi wafundishwe mapema kusikiliza pas badala ya kungoja ne, la sivyo wataelewa kinyume cha wanachoambiwa. Kwa wanafunzi: kusikia bila ne ni jambo moja, kuandika bila ne ni jingine. Kwenye barua, mtihani na maombi ya kazi, andikeni ne kila mahali inapostahili.

Na kuna mahali ambapo ne ikianguka, kutoelewana kunaingia. J'en veux plus. Kama s haisikiki, mtu ametosheka, hataki tena. Kama s inasikika, anataka zaidi. Herufi moja ya mwisho ndiyo inayotenganisha anayeshiba na anayeomba. Kwenye maandishi, Je n'en veux plus inamaliza utata.

Mtego mwingine ni on, yaani sisi ya mazungumzo. On a, on n'a pas: masikioni, n ya kuunganisha maneno na n' ya kukanusha ni sauti ileile. Watu wanaosema Kifaransa tangu utotoni huandika on a pas kwa kusahau. Kuna kipimo rahisi: ondoeni on, wekeni nous. Nous n'avons pas. Je, n' imejitokeza? Basi iandikeni na kwenye on.

Kuna pia ne isiyokana chochote. Avant qu'il ne parte, kabla hajaondoka. Wanafunzi wanalalamika: ne imetafuta nini hapo, na hakuna kinachokanwa? Lakini jisikilizeni. Kabla hajaondoka. Hajaondoka ni ukanushi, na hakuna kinachokanwa. Lugha mbili zisizo na undugu zimefanya jambo lilelile. Ni hivyo pia katika J'ai peur qu'il ne tombe, naogopa asije akaanguka. Dalili yake ni kwamba hakuna nguzo nyuma, na mkiiondoa, maana haibadiliki.

Nafasi ya maswali imefika. Nitawauliza mimi kwanza, kwa Kifaransa, na nawaomba msinijibu haraka: Vous n'avez pas de questions ? Asiye nalo aseme non. Mwenye nalo anyooshe mkono, na aanze na si.